Tarehe ya Monsanto, Mji wa Majabalini

Katika mashariki ya nchi ya Ureno, karibu na mpaka wa Hispania, upo mji mdogo uitwao Monsanto, uliokaa juu ya mlima upatao mita 758 kutoka usawa wa bahari, na nyumba zake zimebanana baina ya majabali makubwa, hata yako makazi ambayo jabali moja tu ndilo dari yake. Waliopata kuutawala ni wengi, lakini asili ya hadhi yake ni ngome, na mwenye ngome ni Gualdim Pais.

Huyu Gualdim, mzaliwa wa upande wa Braga, alisafiri hata Sham katika vita vya msalaba, akarejea, kisha akawa mkuu wa watawa wapiganaji wa Hekalu katika Ureno, na mwaka 1160 akaanza kuijenga ngome ya Tomar. Mwaka 1165 Mfalme Afonso Henriques, baada ya kuitwaa nchi ile kwa Waislamu, aliwakabidhi watawa hao Idanha na Monsanto, na Gualdim akainua kuta juu ya kilele. Baada yake walikuja watawa wapiganaji wa Santiago, kisha wafalme. Na watawa wa Hekalu walipovunjwa, mali yao katika Ureno ilirithiwa na Jamii ya Kristo, iliyoundwa mwaka 1319, ambayo msalaba wake ndio uliopamba matanga ya Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Basi mtu wa pwani asidhani kuwa habari za mlima huu ni ngeni kwake.

Hapa yatupasa kusimama, maana pana ugomvi. Wazee wanasimulia kwamba ngome ilizingirwa miaka saba, chakula kikaisha, wasisaze ila ndama mmoja na ngano kidogo. Wakamlisha ndama ngano yote, wakamtupa kutoka ukutani; akapasuka, ngano ikamwagika mbele ya adui, naye akakata tamaa ya kuwashinda kwa njaa watu wanaoshibisha mifugo kwa ngano, akang'oa mahema yake. Ni nani adui huyo? Wako wasemao Warumi, wako wasemao Waislamu, na wengine Wakastilia. Sisi twawauliza wa Warumi: ndama alitupwa kutoka ukuta upi, iwapo ukuta tuuonao ni wa Gualdim?

Kwa ukumbusho wa hayo, kila mwaka mwanzoni mwa Mei, katika sikukuu ya Msalaba, wanawake hupanda ngomeni wakiimba na kupiga adufe, yaani dufu ya pembe nne waliyorithi kwa Waarabu, wakichukua na marafona, mwanasesere wa vijiti viwili vilivyopandana na kuvikwa nguo, asiye na macho wala kinywa, awekwaye chini ya kitanda cha bibi harusi apate uzazi, na tena hukinga nyumba na radi. Kisha hutupwa mitungi ya maua badala ya ndama.

Ama jogoo wa fedha, ambaye mfano wake uko juu ya mnara wa Lucano mjini humo, huyo ni wa juzi: alitolewa kuwa zawadi ya mashindano ya mwaka 1938, serikali ya Salazar, mtawala wa Ureno wakati huo, ilipotafuta kijiji kilicho cha Kireno kupita vyote, na kwa kuwa mashindano hayakurudiwa, hakuna aliyeinyang'anya Monsanto jina hilo.

Mzuru na apande kwa miguu asubuhi, apite mazizi ya mviringo ya nguruwe yaliyojengwa kwa mawe, hata ngomeni. Akishuka, bondeni ataliona kanisa dogo la Mtakatifu Petro, ambako yasemwa mcha Mungu Amador aliokoa mtoto mikononi mwa mashetani, na paa jike akawa anakuja kumnyonyesha. Akirudi na njaa atapewa mkate wa tanuri la kuni, jibini ya maziwa ya kondoo yaliyogandishwa kwa ua la mbigili, nyama ya mwanambuzi, na uji mzito wa mahindi yaliyoparazwa, wenye maziwa, sukari na mdalasini.

Jirani wapo Idanha-a-Velha, iliyokuwa na maaskofu zamani, na Penha Garcia, yenye alama za wadudu wa baharini ndani ya mawe. Hayo ni yao, na waandike tarehe yao wenyewe.