Ufugaji wa salamanda-kishungi

Salamanda-kishungi ni kundi la amfibia wa jenasi Triturus wanaoishi Ulaya na Asia ya Magharibi. Anayejulikana zaidi ni Triturus cristatus, aliyeelezwa kisayansi na Laurenti mwaka 1768: ngozi nyeusi yenye vipele, tumbo la rangi ya chungwa lenye mabaka meusi, urefu wa sm 16 hivi. Majira ya kuzaliana yakifika, dume huota kishungi chenye meno mgongoni, nacho hunywea anaporudi nchi kavu.

Porini, salamanda hawa huishi majini na nchi kavu kwa zamu, na hapo ndipo kazi ya mfugaji inapoanzia. T. cristatus hukaa majini miezi 5 hivi kwa mwaka. T. dobrogicus wa mabonde ya mto Danube, mwembamba mwenye miguu mifupi, hukaa takriban 6, hivyo ndiye anayefaa zaidi kwa tangi la maji.

Tangi liwe pana, lenye mimea mingi na mahali pa kupandia nje ya maji. Kifuniko kibane sawasawa, kwani salamanda hupanda kioo kilicholowa bila taabu. Maji ya bomba huondolewa klorini kwanza. Adui mkubwa ni joto: maji yasizidi nyuzi 20 kwa muda mrefu, na hita haihitajiki kabisa.

Sanduku la nchi kavu huwekwa udongo, majani makavu na vipande vya magome vya kujifichia. Upande mmoja huachwa na unyevu, mwingine mkavu kidogo, mnyama achague mwenyewe. Nyungunyungu waliokatwakatwa ni chakula bora kote kuwili. Wadogo wa nchi kavu hupewa nyenje wachanga, na lava majini hupewa viroboto-maji.

Utagaji una mambo yake. Jike hutaga yai mojamoja, akilikunjia jani kwa miguu ya nyuma hadi lishikamane na utomvu wa yai. Kwa msimu mmoja hufikisha 200 au zaidi. Takriban nusu ya viinitete hufa kabla ya kuanguliwa. Hiyo si dosari ya maji wala ya mfugaji: kromosomu namba 1 ina maumbo mawili, na kiinitete kilichorithi umbo moja kutoka kwa wazazi wote wawili hakiishi. Mayai yaliyobaki hutengwa na wakubwa, ambao hawasiti kula mayai wala watoto wao.

Lava hupoteza matamvua baada ya miezi 3 au 4, kisha wengi huhamia nchi kavu hadi wakomae, kwa kawaida wakiwa na miaka 2 au 3.

Kuwaachia porini ni kosa kubwa. Karibu na Geneva, T. carnifex walioletwa na watu walichanganyika na T. cristatus wa hapo na kuchukua nafasi yao. Kuvu Batrachochytrium salamandrivorans, iliyotambuliwa mwaka 2013, nayo huua salamanda wa Ulaya, na biashara ya wanyama hawa ni mojawapo ya njia za kuieneza. Nchini Uingereza, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inamlinda T. cristatus, na kumkamata porini bila leseni ni kosa la jinai. Anayetaka kufuga atafute waliozaliwa kifungoni, wenye hati za asili yao.