Uvimbe wa Taya la Mtoto

Wasomaji wetu, sisi tukaao pwani, tangu Kilwa hata Lindi, twaujua wema wa nchi yetu: mvua hunyesha, mihogo humea, mikoko husimama katika vinywa vya mito. Lakini joto lile na maji yale ndiyo yaleayo mbu, na mbu huleta malaria. Leo twataka kusimulia jinsi ilivyotambulika ya kuwa nchi za namna hii zina ugonjwa mwingine wa watoto.

Bwana Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka wa 1957 aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya zote, juu na chini, kuume na kushoto. Baadaye kidogo, huko Jinja, akamwona mwingine mwenye uvimbe tayani na tumboni pia. Ndipo alipofahamu ya kuwa hayo si maradhi mbalimbali, bali ni ugonjwa mmoja. Nao ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zikaazo katika tezi.

Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu majuma 10, maili kama 10,000, hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona ya kuwa ugonjwa huu hukaa katika nchi za chini zenye joto na mvua. Milimani ni haba. Mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Kirusi hicho huenea kwa mate, na watoto wengi hukipata wasidhurike. Lakini malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mwili, na saratani ikapata njia.

Kisu peke yake hakikufaa. Kilichofaa ni dawa zitiwazo mshipani, na uvimbe huweza kunywea katika siku chache. Hapa ndipo penye hatari: mzazi akiona taya limepona humrudisha mtoto nyumbani kabla ya dozi kwisha, na ugonjwa hurudi kwa nguvu.

Basi, jino likilegea bila sababu, taya likivimba, jicho likitokeza, au tumbo likikua, tusingoje wala tusimpe mtu alichanje. Chembe hizi huweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2. Tumpeleke mtoto hospitali iliyo karibu, apelekwe Dar es Salaam kwa matibabu ya saratani. Safari ni ndefu na nauli ni nzito, kwa hiyo jirani wachange. Tena kila usiku watoto walale ndani ya chandarua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.