Sadaka ya gari lililokamatwa kwa deni

Sadaka ya gari lililokamatwa kwa deni ni mas'ala ya sheria ya Marekani yanayozuka pale mtu aliyenunua gari kwa mkopo, akashindwa kulipa, na gari lake likachukuliwa na mkopeshaji, anapotaka kulitoa gari lilo hilo kwa jumuiya ya hisani, ama kwa kutaraji kwamba deni litafutika, ama kwa kutaka nafuu ya kodi, ama kwa nia safi ya kutenda wema. Jawabu lake kwa muhtasari ni kwamba sadaka hiyo haitimii maadamu deni halijalipwa. Lakini sababu zake, pamoja na njia chache zinazobaki wazi, zastahiki kubainishwa.

Asili ya dhamana

Ununuzi wa gari kwa malipo ya mwezi kwa mwezi ulienea Marekani baada ya kampuni ya General Motors kuanzisha tawi lake la mikopo mwaka 1919. Katika mapatano ya namna hii mnunuzi ndiye mwenye gari, ila haki ya mkopeshaji huandikwa katika hati ya milki, na gari lenyewe huwa dhamana ya deni. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wataitambua hali hii kuwa ni jamaa ya rahani, ingawa iko tofauti moja kubwa: mwenye kuweka mkufu rahani huuacha mkononi mwa aliyemkopesha hata siku ya kuukomboa, ilhali mwenye kukopea gari hubaki nalo, akalipanda kwenda kazini na kupeleka watoto skuli, na haki ya mkopeshaji ikawa imetulia mpaka siku malipo yatakapokatika.

Haki hiyo imewekewa taratibu katika sheria za pamoja za biashara, zilizotangazwa mara ya kwanza mwaka 1952 na kupokewa kwanza na jimbo la Pennsylvania mwaka 1953, ambazo sehemu yake ya tisa ndiyo inayohusu dhamana za mali zinazohamishika. Kwa mujibu wa sehemu hiyo, mkopeshaji aliyekosa kulipwa aweza kulichukua gari bila ya kwenda mahakamani, kwa sharti la kutovunja amani. Basi mawakala wake aghalabu huja usiku, wakalifunga gari nyuma ya lori na kuondoka nalo, lakini hawana ruhusa ya kumtisha mtu wala kuvunja mlango wa banda. Nguo, vitabu na vyombo vya kazi vilivyomo ndani ya gari si sehemu ya dhamana, navyo hubaki mali ya mwenyewe.

Nani mwenye gari lililo uani?

Wengi hudhani kwamba gari likishakamatwa limekuwa la benki. Dhana hiyo si sahihi, kwani kukamatwa huhamisha mkono ulioshika wala hakuhamishi milki papo hapo. Mpaka gari liuzwe, mdaiwa angali na haki ya kulikomboa kwa kulipa deni zima lililosalia pamoja na gharama za haki za ukamataji. Ana haki ya kupewa taarifa kabla ya mauzo. Na bei ikizidi deni na gharama, ana haki ya kurudishiwa ziada. Kinyume chake nacho ni kweli: bei ikipungua, aghalabu hudaiwa pungufu. Tuseme mtu anadaiwa dola 9,000, gari likauzwa mnadani kwa dola 6,000, na gharama zikawa dola 500. Basi mtu huyo amekosa gari na bado anadaiwa dola 3,500.

Mkopeshaji naye hana uhuru wa kuligawa gari apendavyo. Sheria yamtaka auze kwa njia ambayo mfanya biashara mwenye busara angeifuata, ili mdaiwa asidhulumiwe kwa bei ya kutupa. Yupo anayeweza kukubaliana na mdaiwa kwamba alichukue gari lenyewe badala ya deni lote, na baada ya hapo akalitoa sadaka. Lakini hapo mtoaji ni mkopeshaji, na nafuu ya kodi, ikiwapo, ni yake. Tena, ikiwa mnunuzi wa gari la matumizi ya nyumbani amekwisha kulipa asilimia 60 ya bei yake, mkopeshaji hulazimika kuliuza ndani ya siku 90 baada ya kulichukua, isipokuwa mdaiwa ameiacha haki hiyo kwa maandishi baada ya kushindwa kulipa.

Kwa nini jumuiya za hisani hukataa

Jumuiya ya hisani inayopokea magari kwa kawaida haiyatumii. Huyapeleka kwa dalali yakanadiwa, nayo ikapata sehemu ya fedha. Kwa sababu hiyo swali lake la kwanza huwa ni hati ya milki iliyo safi, isiyo na haki ya mtu mwingine juu yake. Haki ya mkopeshaji hulifuata gari popote liendapo, hata likiuzwa au kutolewa, maadamu mkopeshaji hakutoa idhini. Kwa hivyo apokeaye gari lenye deni amepokea fazaa badala ya faida. Na yule ambaye, akihofu kukamatiwa, alificha gari au akalitoa kwa mwingine kabla mawakala hawajafika, katika majimbo mengi huwa amefanya kosa la jinai juu ya deni alilokuwa nalo.

Upande wa kodi

Sheria ya Marekani ilianza mwaka 1917 kumruhusu mlipa kodi kupunguza katika pato lake thamani ya alichotoa kwa hisani. Kwa muda mrefu mwenye kutoa gari alilikadiria mwenyewe, na makadirio hayo yalitia chumvi nyingi: ofisi ya ukaguzi ya Bunge, katika ripoti yake ya Novemba 2003, ilikisia kuwa watu 733,000 walidai nafuu hiyo kwa kodi ya mwaka 2000, wakajipunguzia kodi ya dola milioni 654, na katika magari 54 yaliyofuatiliwa, thuluthi mbili yaliziingizia jumuiya asilimia 5 au pungufu ya thamani iliyodaiwa. Bunge likapitisha sheria mpya mwaka 2004, na tangu 2005 anayedai zaidi ya dola 500 kwa kawaida hana haki ila kwa kiasi ambacho gari liliuzwa kweli. Nafuu yenyewe humfaa yule tu anayeorodhesha makato yake moja moja.

Hata pale ambapo mtu angepata wa kupokea gari pamoja na deni lake, sheria ya kodi huihesabu sehemu ya deni kuwa ni mauzo, si sadaka. Na mkopeshaji akisamehe dola 600 au zaidi, huarifu idara ya kodi, na msamaha huo huweza kuhesabiwa kuwa pato, ila kwa kiasi ambacho mdaiwa athibitisha kuwa madeni yake yote yalizidi mali yake.

Njia zilizo wazi

Ya kwanza ni kulikomboa gari, kupata hati safi, kisha kulitoa. Ya pili ni ya kabla ya kukamatwa: kuliuza kwa ridhaa ya mkopeshaji, kulipa deni, na kutoa sehemu ya kilichosalia. Ya tatu ni kungoja mnada na kutoa ziada, ikipatikana, ambayo ni fedha taslimu na haina mushkeli wowote. Mwenye nia afanye haraka kumtaka mkopeshaji amwandikie kiasi kamili cha deni na tarehe ya mauzo, kwani haki ya kukomboa hukoma mara tu gari linapouzwa, au hata mkataba wa kuliuza unapofungwa.