Mtungi Usio na Maua

Anayetafuta picha ya maua ndani ya chombo katika historia ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, atatoka mikono mitupu, na huko Newala sababu kubwa ni maji. Juu ya Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, hakuna mito. Kabla ya mradi wa mabomba wa miaka ya 1950, wanawake waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Nani angetumia maji hayo kwa maua yaliyokwisha kukatwa? Pambo likakaa kwenye chombo chenyewe: mfinyanzi alitia nakshi udongo ungali mbichi. Mjerumani Karl Weule, aliyepita huko mwaka 1906, aliandika juu ya ufinyanzi huo na juu ya michoro ya ukutani.

Wapo wanaodai kwamba michoro ile ilikuwa mchezo tu, na kwamba uchoraji wetu uliletwa na wanunuzi wa kigeni wa Dar es Salaam. Soko lilichangia, sikatai. Lakini watu wazima waliopewa penseli na Weule walichora watu, wanyama na matukio bila kupita darasa lolote la sanaa. Hata Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeuzia wageni hao picha zake na aliyeanza kuchora mwaka 1968, alizaliwa Tunduru, magharibi ya Masasi. Kwa maoni yangu, wageni walileta fedha. Desturi ya kuchora waliikuta.