Fahamu: Mabao 54 ya Moscow na somo la kupanga ulinzi kabla ya msimu

Kila msimu wa michezo unapokaribia, wasikilizaji wetu wa Kiwangwa na vijiji vya jirani hutuuliza swali moja: safari hii nani anacheza mbele? Ni wachache wanaouliza nani atabaki nyuma. Leo tunaeleza kwa nini swali la pili ndilo zito. Mfano wetu ni timu ambayo Watanzania wengi hawajui hata kama iliwahi kuwepo: timu ya taifa ya mpira wa magongo iliyocheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Nini kilitokea Moscow

Mwaka ule nchi nyingi ziliitikia wito wa Marekani wa kususia michezo hiyo, kupinga majeshi ya Urusi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Kwenye mpira wa magongo pengo lilikuwa kubwa. New Zealand, Australia na Pakistan, timu tatu zilizotwaa medali Montreal mwaka 1976, zote hazikucheza. Kenya, iliyokuwa na timu bora kuliko zote Afrika Mashariki, nayo ilisusa. Nafasi zilipobaki wazi, Tanzania ikaingia.

Timu za wanaume zilikuwa sita, na kila moja ilikutana na zote. Haya ndiyo matokeo ya Tanzania katika mechi hizo tano:

- India 18, Tanzania 0
- Hispania 12, Tanzania 0
- Urusi ya Kisovieti 11, Tanzania 2
- Poland 9, Tanzania 1
- Cuba 4, Tanzania 0

Jumla tulifungwa mabao 54 na kufunga matatu. Mechi wakati huo ilikuwa ya dakika 70, kwa hiyo kipa wetu aliokota mpira wavuni takriban kila baada ya dakika sita na nusu. Tulimaliza nafasi ya sita. India walitwaa dhahabu kwa kuwafunga Hispania 4-3 kwenye fainali.

Katika michezo hiyo hiyo, Filbert Bayi alipata medali ya fedha kwenye mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha kwenye mita 5,000. Hao tunawakumbuka, na ni haki yao. Wenzao wa magongo wamebaki kuwa mzaha wa namba, kwa wale wachache wanaozijua.

Tusicheke kabla ya kuelewa

Kwanza, tuwaangalie wapinzani. India walikuwa wametwaa dhahabu saba za Olimpiki kabla ya kufika Moscow. Cuba, waliotufunga manne tu, wao wenyewe walifungwa na India 13-0. Timu yetu ilikuwa inakutana na ukubwa ambao usingewaacha wengi salama.

Pili, uwanja. Tangu Montreal 1976, mpira wa magongo wa Olimpiki ulihamia kwenye nyasi bandia. Huku Afrika Mashariki wachezaji walilelewa kwenye nyasi za kawaida na udongo. Tofauti yake ni kama bodaboda inayotoka kwenye njia ya shamba la mananasi na kuingia lami ya Bagamoyo hadi Msata. Kwenye udongo mpira hudunda na kupoteza kasi, beki anapata muda wa kujipanga. Kwenye nyasi bandia hukimbia chini, moja kwa moja, na ukichelewa hatua moja umeshapitwa.

Lakini uwanja peke yake hautoshi kueleza. Timu ya wanawake ya Zimbabwe nayo ilialikwa Moscow wiki chache tu kabla ya michezo, na nyasi bandia zilikuwa ngeni kwao pia. Wao walicheza mechi tano bila kupoteza hata moja, wakafunga mabao 13, wakafungwa manne tu, wakaondoka na dhahabu. Kilichowabeba ni msingi: wachezaji wale walitoka kwenye shule na klabu zilizocheza mchezo huo kila msimu, wakiwa wanajuana. Ni kweli pia kwamba wote walikuwa Wazungu, kwa sababu kabla ya uhuru wa mwaka huo shule na klabu za aina hiyo kwa sehemu kubwa zilikuwa zao. Kikosi kiliitwa kwa haraka, lakini mazoea ya kukaba pamoja yalikuwa ya miaka.

Hapo ndipo lilipo somo. Mshambuliaji mmoja mwenye kipaji anaweza kukuokoa akiwa peke yake. Beki peke yake hawezi. Ulinzi ni maelewano, na maelewano hayapatikani kwa wiki mbili.

Ulinzi wa magongo unavyofanya kazi

Timu ina wachezaji 11, pamoja na kipa. Bao huhesabiwa tu kama mshambuliaji ameugusa mpira akiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli, ambayo upana wake ni karibu mita 15 kutoka golini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mabeki ni kuzuia mpira usiingie humo.

Gongo lina upande mmoja tu bapa unaoruhusiwa kupigia, nao uko kushoto. Kwa sababu hiyo kila mchezaji ana nguvu zaidi mpira ukiwa kuliani kwake. Beki mzuri harukii mpira hovyo. Anarudi nyuma taratibu, gongo likiwa chini, na anamlazimisha mshambuliaji apite upande wa kulia wa beki huku akimsukumia pembeni ya uwanja. Mwenzake anakaa nyuma yake kidogo, tayari kuziba. Huyo wa pili akikosekana, wa kwanza hana msaada.

Kosa la beki ndani ya nusu duara, hata mpira kugusa mguu tu, huzaa kona ya adhabu. Hapo wanaolinda ni watano tu pamoja na kipa, wakianzia kwenye mstari wa goli, na wengine wanarudi hadi katikati ya uwanja. Kila mmoja lazima ajue kazi yake: nani anamkimbilia mpigaji, nani anabaki kwenye mwamba, nani anasafisha mpira uliotemwa na kipa. Hayo hufundishwa kwa kurudia kila siku.

Kenya walilijua hili. Beki wao Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na kwa miaka mingi alikuwa nahodha. Katika kipindi hicho Kenya ilimaliza ya sita Tokyo 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Wafungaji walibadilika, lakini nyuma palikuwa na mtu aliyewajua wenzake.

Kuchagua kikosi kabla ya msimu

Kwa kocha wa timu ya kijiji au ya shule, iwe ya magongo au ya soka, tunapendekeza mpangilio huu:

1. Anza na kipa, na uchague yule anayepiga kelele. Kipa ndiye anayeuona uwanja wote, na kipa bubu ni hasara.
2. Chagua mabeki wawili wawili. Jozi iliyozoeana inaweza kushinda mabeki wawili hodari wasioelewana.
3. Pata kiungo mmoja anayependa kukaba. Mashambulizi mengi huanza pale timu inapopoteza mpira katikati.
4. Kwenye mechi za kirafiki, usibadilishe safu yote ya nyuma kwa mpigo. Mjaribu mgeni mmoja katikati ya wenyeji watatu.
5. Tafuta mazoezi kwenye uwanja unaofanana na ule mtakaochezea mashindano, hata kama ni siku moja kwa wiki.
6. Hesabu mabao mliyofungwa na andika kila moja lilitokea wapi. Mabao matatu kutoka upande mmoja ni taarifa tosha.

Timu ya 1980 iliitwa kuziba nafasi kwenye mchezo ambao nchi ilikuwa haijauwekea msingi wa kutosha. Walikwenda, walicheza mechi zote, na walifunga mabao mawili dhidi ya wenyeji. Zile 54 ni deni la maandalizi zaidi kuliko aibu ya wachezaji. Timu yoyote ya huku kwetu inayosubiri hadi wiki ya mwisho ndipo imtafute beki, inajiandalia deni hilo hilo.