Vazi la Kichwa la Mahakama

Vazi la kichwa la mahakama ni kilemba, kofia au wigi avaaye kadhi, jaji ama wakili awapo barazani, ili idhihirike kwamba anenaye pale si fulani bin fulani, bali ni cheo alichokabidhiwa.

Katika Afrika Mashariki desturi hii ilitangulia pwani. Zama za masultani wa Unguja, makadhi wa madhehebu ya Ibadhi na ya Shafii, miongoni mwao Sheikh Ahmad bin Sumeit (1861–1925), walijulikana kwa kilemba na joho. Na kwa kuwa kilemba kilikuwa vazi la wanazuoni wote, mdai aliyeingia barazani aliiona elimu kabla ya kuisikia hukumu.

Wigi lilikuja kutoka London, ambako zama za Mfalme Charles II lilikuwa pambo la waungwana tu. Waungwana walipolitupa, majaji na mawakili wakalishikilia, na mwaka 1822 Humphrey Ravenscroft akapata hataza ya wigi la manyoya ya farasi lisilohitaji kupakwa poda. Tanganyika ililipokea pamoja na Mahakama Kuu ya mwaka 1920, bila ya mtu kuuliza joto la Dar es Salaam linasemaje. Uingereza yenyewe ililiondoa katika kesi za madai mwaka 2008. Nchini Kenya, Jaji Mkuu Willy Mutunga alilivua mwaka 2011, naye David Maraga akalirejesha mwaka 2016. Majaji wa Tanzania hulivaa pamoja na joho jekundu katika hafla za taadhima, kama Siku ya Sheria.

Lakini huko bara, Nyamisangura, kata ya mji wa Tarime katika nchi ya Wakurya, haikuwa na haja ya vazi lolote kati ya hayo. Mashauri yaliamuliwa katika iritongo, mkutano wa hadhara, na mambo mazito ya jamii yakatunzwa na inchama, baraza la siri la wazee. Na haki ya kuketi humo ilitokana na umri, ukoo na mila alizozipitia mtu, mambo yasiyonunuliwa kwa fundi wa nguo. Wala serikali haikulipeleka wigi kwa wenyeji wa huko: katika mahakama ya mwanzo shauri husikilizwa kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi hakimu alisaidiwa na washauri, huku sheria ikiwakataza mawakili kusimama humo.