Yu Suzuki na deni la Shenmue

Aprili 2025, BAFTA, taasisi ya Uingereza inayotoa tuzo za filamu, televisheni na gemu, iliuliza umma ni gemu gani imeacha alama kubwa kuliko zote. Doom ilishika nafasi ya pili, Super Mario Bros. ya tatu. Ya kwanza ikawa Shenmue, gemu ya Kijapani ya mwaka 1999 ambayo haikurudisha gharama zake na ambayo hadithi yake haijaisha hadi leo. Miezi miwili baada ya kura hiyo, ikatimia miaka 10 tangu mashabiki wake watoe pesa zao mifukoni ili iendelee. Mwongozaji wake, Yu Suzuki, amekuwa akikabiliwa na maswali yao kwa zaidi ya miongo miwili.

Suzuki alizaliwa mkoa wa Iwate mwaka 1958 na kuajiriwa na Sega mwaka 1983. Hang-On, Space Harrier, OutRun, After Burner na Virtua Fighter ni kazi zake. Hizo zilikuwa gemu za kumbi: unatumbukiza sarafu, unacheza dakika chache, unampisha mwenzako.

Machi 2014, katika mkutano wa watengenezaji gemu mjini San Francisco, Suzuki alisimama kueleza jinsi alivyochoka na dakika hizo chache. Mkalimani wake jukwaani alikuwa Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 4. Suzuki alisimulia jaribio lake la awali kwenye mashine ya gemu ya Saturn, kuhusu kijana Taro anayemtafuta bingwa wa kung fu. Kisha likaja wazo la kuigeuza Virtua Fighter kuwa hadithi ndefu, na wazo hilo ndilo lililozaa Shenmue. Alitaka kila mkazi wa mtaa awe na ratiba yake: aamke, aende kazini, apite dukani, arudi kulala. Ratiba zikamponza. Watu wa ndani ya gemu wakajazana kwenye mlango wa duka moja hadi pakawa hapapitiki. Ukumbi ulicheka.

Anayeicheza Shenmue leo ataona ni ya polepole, na kweli ni ya polepole. Novemba 29, 1986, katika mji wa bandari wa Yokosuka, kijana Ryo Hazuki anarudi nyumbani na kushuhudia baba yake akiuawa na Lan Di, mtu aliyetoka China. Ungedhani kisasi kitaanza usiku huohuo. Badala yake Ryo anafungua droo moja baada ya nyingine, anamlisha paka mchanga aliyeachwa yatima na gari la wauaji, ananunua vikaragosi vya plastiki kwenye mashine ya barabarani, na baadaye anapata kibarua cha kuendesha foklifti bandarini. Zaidi ya yote, anauliza. Anamsimamisha mpita njia na kumuuliza kuhusu gari jeusi, kisha kuhusu mabaharia, kisha kuhusu Wachina. Wengi hawajui lolote, lakini kila mmoja ana sauti yake na jibu lake. Hata hali ya hewa inaweza kuwekwa ifuate kumbukumbu halisi za Yokosuka za wakati ule.

Suzuki amewahi kutaja dola milioni 47 kuwa gharama ya gemu hiyo, matangazo yakiwemo. Kwa mwaka 1999 hizo zilikuwa pesa za kutisha. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2001, mwaka uleule Sega ilipoacha kutengeneza Dreamcast, mashine ambayo gemu hiyo iliundiwa. Iliishia pangoni, katika milima ya Guilin, Ryo akiwa na binti aitwaye Shenhua, na fumbo la hadithi likiwa ndiyo kwanza limefunguka. Kisha kimya.

Kwa miaka 14 mashabiki wakageuka Ryo: kila waliyekutana naye walimuuliza swali lilelile. Suzuki akihojiwa kuhusu gemu nyingine, swali la mwisho lilikuwa ya tatu lini. Wengine walichagua tarehe tatu ya kila mwezi kuwa siku ya kuijaza Twitter ya Sega kwa maombi. Suzuki hakuwahi kusema haitakuwepo, na nadhani hapo ndipo deni lilipoanza kukua.

Juni 15, 2015, kwenye jukwaa la Sony huko Los Angeles, Suzuki alitangaza harambee ya mtandaoni kupitia Kickstarter. Alihitaji dola milioni 2. Tovuti ikazidiwa na watu, na kiasi hicho kikapatikana kwa chini ya saa tisa. Mwishoni wachangiaji 69,320 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 6.3.

Kuanzia hapo aina ya maswali ikabadilika. Shabiki huuliza kwa unyenyekevu. Aliyetoa pesa huuliza kama mwenye hisa. Kama Sony wapo, kwa nini tuchangishwe sisi? Tarehe iliyoahidiwa ilikuwa Desemba 2017. Kwa nini imesogezwa 2018, kisha Agosti 2019, kisha Novemba?

Moto hasa uliwaka Juni 2019. Ilitangazwa kwamba kwa mwaka mzima toleo la kompyuta litauzwa kwenye duka la Epic peke yake. Wachangiaji walikuwa wameahidiwa duka la Steam, au angalau ndivyo wengi walivyoisoma ahadi, na huko ndiko walikokuwa na gemu zao zote. Kwa asiyecheza, huu ni ugomvi wa maduka mawili. Kwa aliyelipa miaka minne kabla, ni kuuziwa ng'ombe kisha kukabidhiwa mbuzi. Kurasa za mradi zilijaa madai ya kurudishiwa pesa, mengine yakiwa na matusi ambayo mzee wa miaka 61 hakustahili. Waandaaji wakajibu kwamba wanatathmini hali, jibu ambalo halijawahi kumtuliza mdai yeyote.

Julai wakalegeza: mchangiaji achague kupokea gemu kupitia Epic, kuhamia PlayStation 4, kuisubiri Steam mwaka mmoja, au kurejeshewa fedha. Epic wakakubali kubeba gharama ya marejesho ili mfuko wa utengenezaji usiguswe. Wachangiaji walikuwa na haki, ingawa ushindi wao uliwagharimu. Miezi ambayo wangeweza kumbana Suzuki kuhusu hadithi waliimaliza wakibishana kuhusu duka.

Shenmue III ilitoka Novemba 19, 2019, miaka 18 baada ya ya pili. Ryo anapasua kuni katika kijiji cha Bailu, anachuma majani ya dawa, na akikimbia sana nguvu zinamwishia hadi ale kitu, mara nyingi kitunguu saumu. Mashabiki wakauliza, kwa haki kabisa, kitunguu saumu kimeingiaje kwenye kisasi. Swali zito zaidi lilikuja mwishoni, pale Ryo anapokutana na Lan Di uso kwa uso, anapigwa, na kisasi hakitimii. Suzuki alikuwa amekwisha kusema kwamba sehemu hiyo ya tatu ingelifikisha simulizi kwenye takriban asilimia 40.

Zilifuata vipindi 13 vya katuni mwaka 2022, vikakatishwa baada ya msimu mmoja. Suzuki ametoa Air Twister na Steel Paws, gemu ndogo za simu. Mwaka 2025 kampuni ya ININ ilichukua haki za kuchapisha sehemu ya tatu na kutangaza toleo lake lililoboreshwa. Yokosuka wenyewe walichapisha ramani ya kuwaongoza wageni wanaokuja kuzitafuta sehemu alizopita Ryo, na Mtaa wa Dobuita, mojawapo ya sehemu hizo, bado una maduka yake. Sehemu ya nne haijatangazwa, na Suzuki alitimiza miaka 67 mwezi uleule harambee ilipotimiza 10.